Hujanunua Mswaki, Umepanga

Desemba iliyopita shemeji yangu alishuka basi la Nairobi hapa Voi akiwa na mkoba mmoja na kisanduku cheupe alichokishika kama yai. Kesho yake asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, kisanduku kilifunguliwa mbele ya familia nzima. Ndani mlikuwa na mswaki wa stima: mpini mnene, chaja, kichwa kimoja kilichofungwa kwa nailoni, na kijitabu chenye lugha nyingi ila Kiswahili. Una mwendo wa aina tano. Unaongea na simu. Ukiukandamiza kupita kiasi, unawaka taa nyekundu. Alipomaliza kutuonyesha alinigeukia mimi, niliyekuwa uani na kikombe cha maji na mswaki wangu wa shilingi mia, akaniuliza kwa huruma ya kweli: "Shemeji, wewe bado unasugua kwa mkono?"

Lililonichokoza ni hilo "bado". Anayekuambia "bado" anakupa habari kwamba kuna safari, wenzako wameshafika, na wewe umekaa njiani kama gari lililopasuka gurudumu. Tangu siku hiyo nimelisikia kila mahali: kwenye kemisti, kwa kinyozi, ofisini saa ya chai. Hapa chini ya mlima Sagalla, ambao wengine huuita Ndara, watu wenye mshahara wa mwezi hawaulizi tena kama mswaki wa stima unahitajika. Limebaki swali moja tu: ninunue upi?

Makala haya yanalikataa swali lenyewe.

Wanachosema

Niuweke msimamo wao ukiwa na nguvu zake zote, maana kumpiga mtu aliyelala si ushujaa. Wanasema mambo manne.

Kwanza, sayansi imeshaamua: mashine husafisha kuliko mkono. Pili, mkono wa binadamu ni mvivu. Huchoka baada ya nusu dakika, huyaruka magego ya nyuma, na hutumia nguvu mahali pa upole, ilhali mashine ina saa na kipimo cha nguvu. Tatu, gharama ni ya mara moja. Ukiilinganisha na bei ya kuziba jino au kutibu mzizi wake, mashine imejilipa. Nne, na hili husemwa kwa sauti ya chini, mtu anayejipenda hakimbilii cha bei ya chini. Rahisi ghali.

Si hoja za kipuuzi. Mbili za mwanzo zina ukweli ndani yake, na nitaulipa ukweli huo haki yake. Ila ukizifuata hatua kwa hatua hadi kwenye beseni la kunawia la nyumba ya kawaida ya Voi, utaona kila moja inaacha nyuma deni ambalo hakuna aliyelitaja dukani.

1. Sayansi ilisema, lakini ilisema nini?

Mwaka 2014 mtandao wa watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya jambo moja na kuyapima kwa pamoja, ulitoa mapitio ya miswaki ya umeme. Yalihusu majaribio 56 na washiriki 5,068. Waliotumia umeme walikutwa na ukoga pungufu kwa asilimia 11 katika miezi mitatu ya kwanza, na asilimia 21 baada ya hapo. Uvimbe wa fizi ulipungua kwa asilimia 6, kisha 11. Huko Greifswald, Ujerumani, watafiti walifuatilia watu wazima 2,819 kwa miaka 11, na waliotumia umeme walipoteza meno machache kuliko wenzao. Hayo ni kweli, na asiyeyataja anadanganya.

Sasa tusome na maandishi madogo. Kilichopimwa katika mapitio yale ni ukoga na fizi, siyo meno yaliyotoboka. Kati ya majaribio 56, ni 5 tu yaliyohesabiwa kuwa na hatari ndogo ya kuegemea upande. Aina moja ya mashine ndiyo iliyokuwa na ushahidi mwingi kuliko zote: ile yenye kichwa cha duara kinachozunguka kidogo kwenda na kurudi. Na watafiti wenyewe wakaandika kwamba haijawa wazi tofauti hiyo ina uzito gani kwa afya ya mtu.

Hapo ndipo kichekesho kinapoanza. Muuzaji hukutajia ushahidi wa mashine moja, kisha hukuuzia nyingine. Nyingi ya zile zinazofika kwenye rafu za mji mdogo, au zinazoletwa na bodaboda baada ya kuagizwa kwa simu, ni mpini wa plastiki wenye betri mbili ndogo za rimoti na nywele zinazotetemeka mahali pamoja. Hazizunguki. Zinanguruma tu. Ni sawa na kumsifia mtu ng'ombe wa maziwa mpaka akatoa pesa, kisha umkabidhi fahali na kumwambia wote ni ng'ombe.

2. Hujanunua, umepanga

Hoja ya gharama ya mara moja ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo ya uongo kuliko zote.

Kichwa cha mswaki, uwe wa mkono au wa stima, hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi, au mapema nywele zikianza kupinda. Hiyo ni mara nne kwa mwaka. Tufanye hesabu ya mfano, na kila mtu aweke bei za dukani kwake. Tuseme mashine ni shilingi 6,000 na kichwa cha akiba ni shilingi 700. Kichwa cha kwanza huja nayo, hivyo kwa miaka mitatu utanunua vingine 11: shilingi 7,700. Jumla ni 13,700. Mswaki wa mkono wa shilingi 100, nao ukibadilishwa kila miezi mitatu kwa miaka hiyo mitatu, ni shilingi 1,200.

Hapo ni mtu mmoja. Weka baba, mama na watoto watatu wanaotumia mpini mmoja, kila mmoja na kichwa chake: vichwa 20 kwa mwaka, shilingi 14,000 kila mwaka, hata kama mashine yenyewe mlipewa zawadi. Kwa mkono ni shilingi 2,000.

Kwa hiyo tuite jambo kwa jina lake. Hujanunua mswaki. Umepanga. Mpini ni nyumba, kichwa ni kodi, na mwenye nyumba ni kampuni ambayo imehakikisha shingo ya mpini haikubali kichwa cha jirani. Siku itakapoacha kutengeneza vichwa vya aina yako, umefukuzwa bila notisi, na funguo unabaki nazo mkononi.

Mpangaji aliyebanwa hufanya nini? Hukwepa kodi. Nilimuuliza shemeji mwezi Juni kichwa chake cha pili alikinunua lini. Akacheka. Cha kwanza kilikuwa bado kazini mwezi wa sita, nywele zimelala pande zote kama nyasi alipopita tembo. Faida ya asilimia 21 ilikuwa ya kichwa kizima, si ya hicho. Alikuwa na injini ya elfu sita inayozungusha kipara.

Na wale wa "rahisi ghali" wanisaidie hapa. Methali hiyo hulaumu kitu cha bei ndogo kinachokurudisha dukani mara kwa mara. Kati ya hivi viwili, ni kipi kinachokurudisha dukani na kukutoza mara saba?

3. Saa unayo tayari, mkono ni ule ule

Wanasema mashine hurekebisha uzembe. Tuifungue tuone ndani yake mna kitu gani kinachorekebisha.

Mna saa. Hulia ikifika dakika mbili, na nyingine hukatika kidogo kila sekunde 30 ili uhamie upande mwingine wa kinywa. Ni jambo jema sana, kwa sababu wengi wetu tunapiga mswaki kwa muda wa kumwitikia mtu aliyebisha hodi. Lakini dakika mbili si uvumbuzi wa kiwanda. Zimo katika simu iliyo mfukoni mwako. Ukiitoa saa ndani ya mpini huo, sehemu kubwa ya unachokilipia imeondoka nayo: umenunua msimamizi wa nidhamu yako mwenyewe, na mshahara wake ni mkubwa kuliko wa kazi anayoisimamia.

Mna pia kipimo cha nguvu, ila katika mashine za bei ya juu tu. Aliyenunua ya bei nafuu ananguruma bila breki. Na mkono uliozoea kusugua meno kama sufuria iliyoungulia hauachi tabia kwa sababu umepewa injini. Huusukuma mpini mbele na nyuma vilevile, na sasa wanasugua wawili, mkono na mashine. Ufizi hurudi nyuma, shingo ya jino hubaki wazi, na chai ya moto inakuwa adhabu.

Mbinu yenyewe haina siri. Nywele laini, si zile ngumu tunazozichagua madukani kwa kuamini kwamba zinaumiza kwa hiyo zinasafisha. Ulaze mswaki kwa mshazari mahali jino linapokutana na ufizi, uuchezeshe kidogo kidogo, uende jino kwa jino, nje, ndani na juu. Asubuhi na usiku. Damu ikitoka, wengi huacha kusugua mahali hapo wakidhani wanajiumiza, kumbe mara nyingi ukoga uliobaki ndio unaoifanya fizi ivuje. Na katikati ya jino na jino hakuna mswaki wa aina yoyote unaofika vizuri, wa mia wala wa elfu ishirini. Hapo panahitaji uzi wa meno, na mashine haijakupunguzia hata sentimita moja ya uzi huo.

4. Tatizo la hapa ni maji, wala si stima

Wapinzani wa kawaida wa mswaki wa stima hukimbilia kusema kwamba stima hupotea. Siitaki hoja hiyo. Ni kweli mwaka 2023 nchi ilizama gizani mwezi Agosti, ikarudia Novemba, ikarudia tena Desemba. Lakini mashine nzuri ikichajiwa hudumu siku nyingi. Giza la usiku mmoja halitaozesha jino la mtu.

Maji ndiyo mambo. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya Tsavo Magharibi, na bomba lake limekuwa likishusha maji Mombasa tangu miaka ya 1950. Voi hupata sehemu yake, lakini mwenyeji yeyote anajua maana ya mfereji unaotoa upepo na ya mitungi iliyopangwa foleni uani. Visima vingi vya tambarare huku hutoa maji ya chumvi. Mashine hii ilitengenezwa kwa mtu mwenye mfereji unaotiririka: uisuuze kichwa, uisuuze shingo, uikaushe. Ukiisuuza kwa kikombe kimoja unachokihesabu, dawa hukaukia kwenye maungio na weusi huanza kuota chini ya kichwa. Mswaki wa mkono hauna maungio. Uukung'ute, usimike kwenye kikombe, ndio mwisho wa habari.

Na hapa shida yetu ina siri ambayo muuzaji hatakwambia kwa sababu haiuziki. Kinacholinda jino lisitoboke, kuliko mswaki wenyewe, ni floraidi iliyo katika dawa ya meno, ile tunayoiita kolgeti hata ikiwa ya kampuni nyingine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, orodha ile ile yenye dawa za malaria. Tafuta kwenye tyubu kiasi cha kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Kisha ukimaliza kupiga mswaki, tema. Usisukutue. Ukisukutua kwa kikombe kizima cha maji umeiosha dawa kabla haijafanya kazi.

Fikiria kinaya hicho. Mji unaolia maji unamwaga kikombe kila asubuhi ili kuondoa mdomoni dawa uliyoinunua. Ushauri wa maana kuliko wote hapa Voi hauna bei, unaokoa maji, na unafaa mswaki wowote. Ndiyo maana hauna tangazo.

5. Kinachoingia baada ya mswaki kutoka

Mtazame mwenye mashine saa nne asubuhi. Amepiga dakika mbili kamili, simu imempongeza. Mbele yake kuna chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na mandazi mawili. Saa sita, kwa joto hili la Voi, soda baridi. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kola ina sukari ya karibu gramu 32, sawa na vijiko vinane vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja imeshavuka.

Tena haiinywi kwa mkupuo. Anainyonya funda kwa funda hadi saa nane. Kila funda huwapa bakteria wa kwenye ukoga chakula, nao hutoa asidi inayolainisha jino, na mate yanahitaji muda kuirudisha hali. Anayegusa soda kila dakika kumi hayapi mate nafasi hiyo hata mara moja. Dakika nne za mashine kwa siku zinapambana na saa mbili za chupa.

Ndiyo sababu nasema swali la "upi" ni la kujificha. Kuchagua mashine kunapendeza: kuna rangi, kuna mwendo, kuna nyota za wanunuzi. Kupunguza kijiko cha tatu cha sukari hakupendezi, na hakuna kisanduku cheupe cha kukionyesha shemeji. Tunanunua kifaa ili tusiguse tabia, kisha tunakiita kifaa hicho tabia njema.

6. Jino bovu maarufu kuliko yote katika kaunti hii

Mwaka 1898, kutoka hapa ukielekea Nairobi, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni waliwaua wajenzi wa reli penye daraja la mto Tsavo, hadi John Henry Patterson alipowapiga risasi mwezi Desemba. Mafuvu yao yako Chicago, katika jumba la makumbusho la Field. Waliolichunguza la mmoja wao walikuta chonge lililovunjika na jipu kwenye ncha ya mzizi wake, na wakapendekeza kwamba huenda maumivu hayo yalimfanya ashindwe kukamata nyati au pundamilia kama kawaida, akahamia kwa mawindo laini zaidi. Mwaka 2024 watafiti walitoa kwenye matundu ya meno hayo mabovu nywele zilizokuwa zimegandamana, na ndani yake mlikuwa na za twiga, za pundamilia na za binadamu.

Huyo ndiye mgonjwa wa meno anayejulikana zaidi katika historia ya Taita Taveta. Hakuna mswaki, wa mti, wa mkono wala wa stima, ambao ungemsaidia. Jino lililopata jipu kwenye mzizi linataka daktari, na linamtaka mapema.

Sisi tunaye daktari, ila tunafanya kama simba. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta fizi zikivuja damu kwa watu wazima 98 hivi kati ya kila 100. Wengi huenda kwa daktari jino likishapiga kelele usiku mzima, na kwa wakati huo njia ya bei nafuu iliyobaki ni koleo. Mwenye mashine humo yumo, tena na hatari ya ziada: anaamini kwamba kwa kuwa ana mashine, uchunguzi hauhitaji. Mashine imekuwa cheti cha kutokwenda.

Tembo wa Tsavo amejaliwa seti sita za magego. Ya sita ikiisha, hana ujanja wa kutafuna tena. Binadamu amepewa seti mbili, na ya kwanza huimaliza akiwa shule ya msingi. Waswahili waliosema jino la pembe si dawa ya pengo walijua kwamba kinachong'aa mdomoni hakirudishi kilichopotea. Shilingi 12,500 zinazotenganisha ile hesabu yangu ya miaka mitatu zingemlipia shemeji uchunguzi wa kila mwaka na kuziba tundu likiwa bado dogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jino hujengwa kwa bei ya jino la bandia.

7. Ikifa, inazikwa wapi?

Voi ina fundi wa simu, fundi wa redio, fundi wa viatu, na fundi anayeweza kulifufua jiko la gesi lililokataliwa na mwenyewe. Sijamwona fundi wa mswaki wa stima. Mpini umegandishwa pande zote ili maji yasiingie, na betri imefungiwa ndani. Betri ikichoka, kitu kizima kimekufa.

Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017. Tangu Juni 2020 huruhusiwi kuingia Tsavo na chupa ya maji ya plastiki ya kutumia mara moja. Askari wa lango la Voi atakurudisha nayo. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inawataka wazalishaji wawajibike kwa bidhaa zao hata baada ya kutumika. Ni maneno mazuri. Ila uliza dukani ulikonunua mashine yako kama watapokea maiti yake, uone watakavyokutazama. Itaishia kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, betri ya lithiamu katikati ya maganda ya mahindi, ikingoja mtu awashe kiberiti.

Ndiyo, na mswaki wa mkono ni plastiki, na haujaoza tangu kuumbwa kwake. Lakini vichwa vya mashine navyo ni plastiki, navyo hutupwa mara nne kwa mwaka. Mashine haikuondoa taka ya zamani. Imeiongezea ya pili, yenye betri.

8. Na wewe wa kijiti, usicheke

Najua kuna msomaji aliyekuwa akitikisa kichwa kwa furaha tangu mwanzo, akingoja niseme turudi porini. Mswaki ni mti kabla ya kuwa kifaa. Unaota kandokando ya mto Voi na ndani ya Tsavo Mashariki, na lugha yetu iliazima jina lake ikaupa hata huu wa plastiki. Shirika la Afya Duniani lenyewe mwaka 1986 liliunga mkono matumizi yake pale ambapo ni desturi. Mzee anayejua kuutafuna hadi uwe brashi husafisha vizuri mbele ya meno yake.

Lakini mfuatilie hadi nyuma. Kijiti kilichonyooka hakifiki kirahisi upande wa ndani wa magego, na hakibebi floraidi ya kutosha. Anayeuza kijiti kwa jina la mababu na anayeuza mashine kwa jina la teknolojia wanauza kitu kimoja: imani kwamba afya ya kinywa imo katika kile unachokishika. Wanagombana juu ya mpini.

Basi hakuna anayeihitaji?

Wapo. Mzee ambaye mkono wake hutetemeka. Aliyepata kiharusi na vidole vyake havikunjiki tena. Mtoto mwenye ulemavu anayepigwa mswaki na mlezi. Mwenye nyaya za kunyoosha meno. Hawa wapewe mashine leo, na hao ndio wenye haki ya kuuliza "upi". Jibu lao ni fupi: yenye kichwa cha duara kinachozunguka kwenda na kurudi, nywele laini, saa ya dakika mbili, taa ya kuonya nguvu, na vichwa vyake vya akiba viwe vinapatikana Voi au Mombasa kabla hujalipa. Mashine kuongea na simu hakumsaidii yeyote kati yao.

Wewe mwingine, mwenye mikono miwili mizima na kitufe cha kulipa kwenye simu, nina swali moja kabla ya lako. Mswaki ulio nao sasa, uliununua tarehe gani?

Ukinijibu mwezi, na mwezi wenyewe uwe ndani ya mitatu iliyopita, twende wote dukani nikusindikize, maana kodi utailipa. Ukikuna kichwa, umenijibu vilevile. Shemeji alikuna kichwa. Kisha akaniuliza kama ule wa shilingi mia unapatikana wa rangi ya buluu.